Bi Dhahabu na Pilau ya Mabweni

Ukioza mwana hapa Jomvu Kuu na usimwite Bi Dhahabu, una nikaha, harusi huna. Ndivyo tusemavyo sisi majirani zake, na hatusemi kwa kumpendelea. Mama huyu amekuwa akipika pilau ya mtaa huu tangu mimi sijajua kusuka ukili. Akifika kwenye shughuli, kwanza anaangalia kuni. Kisha anaangalia watu. Yule asiyempendeza anamtuma dukani akatafute kitu ambacho duka halina, ili akae mbali na sufuria.

Ni mama wa makamo, mnene wa kujivunia, na mwendo wake ni wa taratibu, kama mtu aliyejitwika maji na hataki hata tone lidondoke. Ngazi hazipendi. Dada yake alipohamia Chaani, ghorofa ya tatu, Bi Dhahabu alikuwa akienda kumjulia hali akiwa chini barabarani. Yeye anapaza sauti, dada anajibu dirishani, na mtaa mzima wa Chaani ukazijua habari za ukoo wao, mpaka nani ana bawasiri na nani amerudi kwao kwa hasira.

Jikoni ana masharti mawili. La kwanza, haonji. "Mpishi anayeonja ana wasiwasi," husema. "Miye nanusa." La pili, haachi sufuria. Moto ukishawaka, hata nyumba ya jirani iungue, atakuuliza imeungua vipi, lakini hatainuka kwenye kigoda chake. Mumewe, Bwana Hashim, aliyekuwa fundi cherehani kabla macho hayajamchoka, anasema siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa mkunga aliambiwa angoje kidogo, mchele ukauke. Sijui kama ni kweli. Bwana Hashim hupenda kutia chumvi, na nyumbani kwake pa kuitia ni kwenye maneno tu, maana kwenye chungu haruhusiwi.

Basi siku moja simu ya Bi Dhahabu ikalia.

"Shikamoo Bi Dhahabu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni Eddah, yule nesi wa Mjambere. Tulionana harusini kwa kina Swabra. Nilikula mara tatu."

"Aa! Nakukumbuka. Ulibeba na ya nyumbani."

Eddah akacheka. Akaeleza kuwa yeye na wenzake wana kikundi, Miguu Myepesi, watu wa Kisauni na Changamwe na wachache wa Likoni. Kila mwezi hutoka pamoja kwenda kunyosha miguu. Sasa kikundi kilikuwa kinatimiza mwaka, na walitaka kusherehekea kwa pilau yake. Wangekuwa watu kama thelathini.

"Lakini mama, tunaomba ipikwe huko huko tunakokwenda. Twataka iliwe ya moto."

"Mwaenda wapi?"

"Mabweni. Kule nyuma ya Rabai, ndani ndani."

Sasa hapa ndipo pa kusimama kidogo. Watu wa kule wanapaita Mabweni kwa sababu ya mabwe, yale mawe makubwa makubwa. Ni mlima wa mawe ya chokaa, na juu yake tambarare, kama meza aliyoandaa mtu akasahau kuweka chakula. Lakini Bi Dhahabu mwaka uliotangulia alikuwa amepika kwenye mahafali ya skuli moja ya bweni, na mabweni aliyoyajua yeye yalikuwa ya vitanda na mabati. Jiko la skuli ile lilikuwa la matofali, mfereji uko mlangoni, na mwalimu mkuu alimletea kiti cha mikono.

"Kivuli kipo?" akauliza.

"Kipo, mama."

"Na nafasi ya watu kukaa?"

"Nafasi? Ni uwanja mtupu, mpaka macho yachoke."

"Na upepo je? Usije ukanizimia moto."

"Upepo ndio raha yenyewe ya pale."

"Haya basi. Nitakuja inshallah."

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikata simu akiwa na furaha yake.

Jumamosi alfajiri Bi Dhahabu alikuwa tayari. Nyama ameshaichemsha, supu yake imetiwa kwenye dumu dogo, mchele umechaguliwa, vitunguu, mbatata, thomu na tangawizi kila kitu na mfuko wake. Bizari aliisaga mwenyewe na kuifunga kwenye pindo la leso, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki. Maji hakubeba. Skuli gani isiyokuwa na mfereji? Akavaa buibui lake lenye nakshi mikononi na viatu vya kisigino, kwa sababu huenda mwalimu mkuu wa huko naye ni mtu wa heshima. Bwana Hashim alimtazama akipanda gari la kikundi pamoja na sufuria lake la shughuli na kigoda chake, akamuuliza kama anakwenda kupika au kuposwa.

Gari lilipoacha lami likaingia njia ya vumbi, Bi Dhahabu alikaza ushungi. Lilipoacha njia ya vumbi likaingia njia ya mbuzi, alianza kuvuta uradi. Hatimaye likasimama chini ya miembe na mikorosho michache, watu wakashuka wakijinyoosha viuno, na yeye akashuka mwisho, akishikilia mlango kwa mikono miwili.

Mbele yao kulikuwa na ukuta. Ulikuwa wa jiwe la kijivu lililopanda moja kwa moja, limechanika nyufa ndefu, na juu kabisa mikuyu imeota pembezoni, ikiteremsha mizizi yake jiweni kama mtu aliyeachia nywele zikauke. Ndege wawili wakubwa, hondohondo, walipita wakipiga kelele kama wanaogombana.

"Mashallah," akasema Bi Dhahabu. "Na skuli iko nyuma yake?"

"Skuli gani, mama?" akauliza Eddah.

"Ya bweni. Si mumesema mabweni?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akabanwa mbavu na mwenzake.

"Jikoni ni wapi?" Bi Dhahabu akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, ile ambayo Jomvu Kuu tunaikimbia.

Eddah akainua kidole. Bi Dhahabu akakifuata kwa macho. Kidole kikapanda mizizi, kikapita nyufa, kikaenda mpaka pale ambapo jiwe linakutana na mbingu, kikasimama hapo.

Aliyoyasema Bi Dhahabu baada ya hapo sitayaandika yote. Alianza na Eddah, akaenda kwa walimu waliomfundisha Eddah kuzungumza, akamalizia kwa waliobuni majina ya milima. Eddah alikuwa amekaribia kulia. Aliomba radhi mara nyingi, kisha akasema jambo la busara kabisa.

"Mama, si lazima upande. Pika hapa hapa chini, chini ya mwembe. Sisi twende, tukishuka tutakula. Hata ikipoa, ni pilau yako."

Mambo yangeishia hapo. Kivuli kilikuwepo, na kwenye nyumba moja iliyokuwa karibu hawangekosa ndoo ya maji. Bi Dhahabu alikuwa ameshaanza kutafuta mahali pa kuweka kigoda. Lakini mwenyeji wao alikuwa amefika. Jina lake Mbeyu, ni mwanamke wa kule kule, mwembamba kama mwiko, umri wake na Bi Dhahabu hauachani sana. Amejifunga leso kiunoni, panga mkononi, miguu mitupu. Kazi yake ni kuwapandisha wageni. Alimtazama Bi Dhahabu kuanzia ushungi mpaka visigino.

"Mwacheni dada yangu apike chini," akasema. "Watu wa Jomvu nawajua mimi, tunauziana mkaa. Mtumbwi watapanda. Kitanda watapanda. Lakini jiwe? Aka!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Dhahabu akageuka polepole.

"Ati wasemaje?"

"Nasema pumzika, dada."

"Dada yako nani? Nipishe ndia."

Akavua viatu vya kisigino pale pale, akampa Eddah. Eddah akampa raba zake za akiba, ambazo zilimbana vidole kama deni. Sufuria likatiwa mti masikioni, wanaume wawili wakalibeba begani. Kila mwanachama akachukua ukuni mmoja. Mchele akaubeba huyu, mkaa yule, vitunguu vikaenda na fundi wa friji wa Likoni aliyeapa hatavipoteza. Ungewaona wakipanda kwa msururu ungedhani ni watu waliohamishwa na mafuriko.

Mwanzo haukuwa mbaya. Njia ilizunguka ubavu wa mlima katikati ya miti, chini majani makavu, na Mbeyu alikwenda mbele akikata matawi yaliyoinamia njiani. Nyuma ya wote alikuwa Felix, mwalimu wa michezo, kiongozi wa safari, mwenye filimbi shingoni. Desturi yao ni kwamba kiongozi hukaa nyuma ili asiachwe mtu. Siku ile aliyekuwa wa mwisho mbele yake ni Bi Dhahabu, kwa hivyo Felix alipanda mlima mzima akiutazama mgongo wa buibui na kusikia hesabu ya makosa yake. Kila walipopumzika, Bi Dhahabu alikuwa na swali.

"Mwalimu, huku kwapendwa nini?"

"Mandhari, mama."

"Mandhari mwaweza kuletewa kwa simu."

"Na hewa safi, mama."

"Hewa nimeiacha kule chini. Hapa sina hata moja."

Walipofika karibu na juu, njia iliingia jiweni. Ulikuwa ufa mrefu baina ya kuta mbili, mwanya wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Ndani yake kulikuwa baridi kama msikitini, na kuta zilikuwa na mifereji mifereji iliyochimbwa na mvua za miaka ambayo hakuna wa kuihesabu. Mbeyu alipita kama uzi kwenye sindano. Wengine wakapita. Sufuria likapita kwa kuinuliwa juu ya vichwa. Bi Dhahabu akaingia, akaenda hatua chache, akasimama.

"Vuta pumzi, mama," akasema Felix.

"Nikivuta ndiyo nazidi."

"Basi itoe."

Akaitoa. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa amekwama, kifua huku na mgongo kule, kama kitabu kilichorudishwa rafu isiyokuwa yake. Mbeyu akarudi kutoka upande wa juu, akamshika mikono miwili, akavuta. Hakuenda. Akamwita Felix asukume. Felix akaona jasho linamtoka. Huyu ni mama wa watu, mke wa mtu, Mwislamu, umri wa mama yake mzazi. Angeweka mkono wapi? Akatazama huku na huku, akamwona yule aliyebeba mfuniko wa sufuria akichungulia juu ya bega la Mbeyu.

"Nipe huo. Upitishe juu."

Akauweka mfuniko kati yake na Bi Dhahabu kama ngao, akafumba macho, akasema, "Samahani sana, mama," akasukuma kwa bega. Mbeyu akavuta. Buibui likalia mahali fulani. Kisha Bi Dhahabu akatoka upande wa pili ghafla, akamwangukia Mbeyu, wote wawili wakaketi chini kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele.

Kila mtu alingoja radi.

Lakini kilichokuja ni kicheko. Kilianza kwa Bi Dhahabu, tumboni, kikampanda mabegani, kikamrukia Mbeyu. Walicheka hadi machozi, wakishikana mikono, na kila mmoja alipotaka kusema kitu, aliutazama ule mfuniko mkononi mwa Felix akashindwa.

"Wallahi," Bi Dhahabu akasema alipopata sauti, "nimefunika sufuria miaka yote. Leo nimefunikwa miye."

Walikuwa wameshafika juu. Alipoinuka akapangusa macho ndipo alipopaona. Mlima wote ulikuwa umekatwa kichwa, umebaki uwanja mpana wa mawe ya kijivu, yenye nyufa na mashimo. Katika kila shimo lililopata udongo kiduchu kulikuwa na nyasi, au ua la rangi ya manjano, au mti mfupi uliojikunja. Pelele, wale pimbi wa mawe, walikuwa wakiota jua mwambani. Waliwatazama wageni, wakapotea mmoja mmoja. Upepo ulikuja moja kwa moja bila kuuliza. Mbali kabisa, nyuma ya vilima na minazi, kulikuwa na mstari mwembamba wa bahari, na Bi Dhahabu, aliyezaliwa pembeni ya maji, alikuwa hajawahi kuyaona yakiwa chini yake. Alishika kiuno akautazama ule mstari. Eddah alimtazama kwa wasiwasi akadhani ni presha.

"Mama, u mzima?"

"Niache kidogo, mwanangu."

Kisha akakumbuka kuwa watu thelathini wana njaa, akakunja mikono ya buibui.

"Mafiga!" akaamrisha. "Nataka mawe matatu, mazuri."

Mawe hayakuwa tabu. Ndiyo peke yake yaliyokuwa bure pale. Akachagua matatu yenye vichwa bapa, akayapanga, akawasha kuni, akaweka sufuria na mafuta, vitunguu vikaingia. Mbeyu alimwambia, "Hayo mawe hayapendi moto, dada." Bi Dhahabu akamjibu kuwa yeye ndiye anayejua mambo ya jikoni. Vitunguu vikageuka rangi. Nyama ikaingia, mbatata zikaingia, ile bizari ikatoka kwenye pindo la leso, na harufu ikatembea juu ya mlima ule mpaka watu waliokuwa wakipigana picha ukingoni wakarudi wenyewe bila kuitwa. Akamimina supu yote ya dumu dogo.

Pa!

Watu wakalala chini. Fundi wa friji akajificha nyuma ya gunia la mkaa. Figa moja lilikuwa limepasuka kwa joto, likaruka vipande, na sufuria likainama upande. Mwalimu Felix akalidaka kwa ule ule mti wa kubebea, nyama haikumwagika sana, lakini supu ilikwenda. Ilitiririka juu ya jiwe mpaka kwenye ufa, ikaingia, ikapotea. Bi Dhahabu akainama akatazama ufani. Giza tupu.

"Imekwenda wapi?"

"Hapa maji yote huenda hivyo," akasema Mbeyu. "Mlima unakunywa. Leo umeonja supu ya Jomvu."

Wakatafuta mawe mengine, ya rangi nyekundu, ambayo Mbeyu aliyatoa kwenye jiko la zamani la wachunga mbuzi. Sufuria likasimama tena. Sasa ikabaki habari ya maji. Mchele haupikwi kwa upepo, na Bi Dhahabu alikuwa amekuja akitegemea mfereji. Mbeyu akamwonyesha beseni la jiwe lililojaa maji ya mvua. Bi Dhahabu akachungulia, akaona viluwiluwi wanamchungulia naye, akasema hapana, wale hawajaalikwa. Ikabidi kila mtu atoe chupa yake. Wakapita na ndoo kama wanaochangisha rambirambi. Mwingine akatoa yote, mwingine akatoa nusu huku akitazama pembeni. Hazikutosha. Lakini chini ya mti kulikuwa na dumu la njano la Felix, limejaa, zito.

"Haya maji ya nani?"

Felix alikuwa mbali, akiokota vipande vya figa visije vikamkata mtu. Hakusikia. Moshi ulikuwa umeelekea usoni kwa Bi Dhahabu, macho yanatoka machozi, mafuta yanaanza kukaukia. Akalifungua dumu akamimina lote.

Pilau ikachemka. Ikakauka vizuri. Akaifunika kwa ule mfuniko wenye historia, akapalia makaa juu, akaketi kwenye kigoda chake kungoja, kama alivyongoja maisha yake yote. Na hapo Mbeyu akaja akasimama mbele yake.

"Twende nikuonyeshe."

"Siachi sufuria."

"Itakimbia?"

"Haijawahi kukimbia. Lakini sijawahi kuiacha pia."

"Basi leo ndiyo utajua," akasema Mbeyu, akamnyoshea mkono.

Bi Dhahabu alilitazama sufuria. Akamtazama Felix, aliyekuwa amerudi. "Mwalimu, kaa hapa. Usifunue. Usikoroge. Usiifikirie hata." Akainuka, akaenda.

Walizunguka uwanda wote, wawili wale. Mbeyu alimwonyesha mahali ambapo jiwe limebaki wembe tupu, ukipita lazima ukanyage kama paka. Akamwonyesha shimo ambalo mti mzima umeota ndani yake, shina lake liko chini huko, na wewe unaukuta kwenye kilele, unaweza kuchuma majani yake ukiwa umesimama. Bi Dhahabu akachuma jani moja akalitia kifuani. Wakafika ukingo wa upande wa pili wakakaa, miguu wameiweka mbali na ukingo kwa ombi la Bi Dhahabu. Mbeyu akaeleza kwamba alipoolewa aliletwa hapo chini akiwa kigori, na mara yake ya kwanza kupanda alikuwa anamkimbia mama mkwe.

"Alikufuata?"

"Alikwama pale ulipokwama wewe."

Wakacheka tena. Kisha Bi Dhahabu akasema jambo ambalo amenisimulia mara kadhaa, na kila mara halibadiliki. Alisema kwamba kwenye kila shughuli aliyopika, watu husimulia bibi harusi alivyong'ara, ngoma ilivyolia, nani alianguka. Yeye anasikiliza kama mgeni. Yuko uani, ameupa moto uso, ngoma anaisikia ukutani. "Leo nimeiona shughuli," akamwambia Mbeyu. "Nimetoka uani."

Mbeyu alimpa kipande cha muhogo mkavu kutoka kwenye leso yake, wakatafuna.

Waliporudi, harufu iliwafikia kabla ya moshi, nayo Bi Dhahabu akasimama. Pua yake ilitafuta huku na huku. Kulikuwa na harufu ya pilau. Kulikuwa na harufu ya kuungua kidogo. Na kulikuwa na kitu cha tatu, ambacho hakupata kukinusa jikoni kwake tangu azaliwe.

"Mwalimu, umetia nini?"

"Sijatia kitu, mama! Sikuifikiria hata!" Kisha Felix akaangaza huku na huku. "Ila namtafuta aliyechukua dumu langu la njano. Nilichanganya glukosi ya machungwa kwa watu wote."

Bi Dhahabu akaketi. Eddah akafumba uso kwa viganja. Mfuniko ukafunuliwa. Pilau ilikuwa nzuri ya kutazama, punje mbalimbali, rangi yake kahawia yenye kung'aa, inang'aa mno. Wakapakua kwa woga. Kila mtu akamega tonge la kwanza akaliweka mdomoni, akalitafuna kwa adabu ya watu waliokuja msibani.

Fundi wa friji ndiye aliyesema kwanza. "Jamani," akasema, "ni tamu."

"Tamu ya vipi?" akauliza Bi Dhahabu.

"Ya... sukari."

Hapo Bi Dhahabu akafanya alilokuwa hajawahi kulifanya. Akaonja. Akatafuna, akatazama mawinguni, akameza. "Hii si pilau," akatoa hukumu. "Hii ni sharubati yenye nyama."

Lakini watu wenye njaa ya mlima hawana mahakama. Walikula. Wakala tena. Na walipofika chini ya sufuria, kwenye ule ukoko ambao sisi tunauita matandu, mambo yakawa mengine. Sukari ilikuwa imeungua pamoja na mchele na mafuta, ikawa kama kashata yenye bizari na nyama, inavunjika kwa mlio. Mbeyu alipata kipande kikubwa akakificha kwenye leso. Felix na nesi Eddah, watu wazima wenye vyeo, waligombea kipande kimoja hadi kikavunjika, na watu walikwaruza mpaka Bi Dhahabu akapiga kelele kwamba sasa wanakula sufuria lenyewe.

Kushuka kulikuwa rahisi zaidi. Ufani alipita kwanza, kwa ubavu, amevuta tumbo kwa maelekezo ya Mbeyu, na hakuhitaji mfuniko. Chini, Mbeyu alimfungia embe na muhogo kwenye mfuko. Waliagana kwa muda mrefu, kama watu ambao kila mmoja amesahau kusema neno moja. Mkaa sasa Bi Dhahabu haununui kwa mtu mwingine.

Kesho yake hakuweza kuchutama. Kwa siku kadhaa alitembea kama bata, na Bwana Hashim ndiye aliyekaa jikoni akipika chai kwa maelekezo ya kutoka kitandani. Sisi majirani tulikwenda kumtazama kama mgonjwa. Tukamkuta anacheka peke yake. Tulidhani ameapa hatarudi. Eddah alipopiga simu kuomba radhi tena, Bi Dhahabu akamkatiza.

"Mwaenda lini tena?"

"Mwezi ujao, mama, lakini hatuwezi kukusumbua upike..."

"Nani kasema kupika? Miye nakuja kama mtu. Kila mtu na mkate wake."

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Amejiunga Miguu Myepesi, amechukua nafasi ya nyuma kabisa, na Felix anasema safari zimekuwa nzuri zaidi kwa sababu sasa kikundi kinapumzika mara nyingi na kila mapumziko yana hadithi. Watu wa harusi wamesikia habari, wengine humwomba awapikie ile pilau ya machungwa. Huwa anawaambia ile si ya kupikwa, ile ilitokea.

Jioni, baada ya alasiri, anatembea vijia vya Jomvu Kuu, kupita mikoko, kurudi kwa upande wa makaburini, ili kuzoeza miguu. Alianza peke yake. Kisha akafuatana na jirani mmoja, kisha wawili, tunakwenda tukizungumza, mabuibui yamepandishwa kidogo. Juzi alinitazama miguuni akaniuliza nangoja nini, duka la viatu lifungwe? Nimenunua raba. Jumamosi natoka naye, na Bwana Hashim amekubali kuwapa chakula bata ambao mkewe anawafuga uani, ingawa amesema hawa bata hawamheshimu.